Teknolojia yafika kambini Uluguru: Nani anabaki na nini?

SAFARI ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo kwa basi hula saa tatu, nne au zaidi kutegemea foleni ya Mbezi, Kibaha na Chalinze, sasa inakamilika kwa muda usiofika saa mbili. Tangu Juni 14, 2024, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoanza kubeba abiria kwa treni ya umeme katika reli ya kisasa, mkazi wa jijini anaweza kuondoka asubuhi, akashuka stesheni ya Kihonda, na kabla ya kuchwa jua akawa amekwisha kusimamisha hema lake kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru.

Msafiri huyo hahitaji tena kubeba ramani ya karatasi wala bulungutu la noti. Tiketi ameinunua kwa simu, malipo ya kuingia hifadhini ameyafanya kwa simu, njia ya kupanda anaitazama kwenye simu, na picha za jua likizama nyuma ya mji wa Morogoro atazirusha kwa simu hiyo hiyo. Begani ana paneli ndogo ya umeme jua, betri ya akiba na jiko la gesi lisilozidi ukubwa wa bakuli.

Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza. Hata hivyo, kila chombo kipya kinachomrahisishia msafiri safari yake kinabadili pia mahali fedha zinapokwenda, nani anahitajika njiani, na msitu unabebeshwa mzigo gani. Kwa Morogoro, swali hilo linamgusa hata mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kulala kwenye hema na wala hana mpango wa kufanya hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji anayokunywa yanatokana na Mto Ruvu, ambao chimbuko lake ni Uluguru.

Kambi si jambo geni

Wapo wanaodhani kwamba kupiga kambi ni starehe iliyoletwa na wageni. Historia ya Morogoro inawakanusha. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita kandokando ya milima hii, ikilala kambi baada ya kambi. Richard Burton na John Speke walipita upande wa kusini wa Uluguru mwaka 1857. Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Dk. David Livingstone mwaka 1871, alipita katika mji uliokuwa na ngome ya mawe, mji wa Kisabengo na bintiye Simbamwene, ambao ndio asili ya Morogoro ya leo.

Misafara ile ilikuwa na watu wengi, na watu wengi walihitaji kula. Vijiji vya njiani viliuza mtama, mahindi na kuku, na watawala walitoza hongo ya kupita. Kwa maneno mengine, msafiri hakuweza kumkwepa mwenyeji hata kama angetaka.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa na mamia ya wapagazi ukawa unabebwa na behewa moja. Mji wa Morogoro ulikua, lakini vijiji vingi vya njia ya zamani vilipoteza soko lao, na wapagazi walipoteza kazi. Huo ndio mfano wa kwanza katika eneo hili wa teknolojia ya usafiri iliyoleta neema kwa upande mmoja na kuufuta upande mwingine kwenye ramani. Mabadiliko ya sasa yanapaswa kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Nyumba juu ya magurudumu

Katika Marekani, Ulaya na Afrika Kusini, safari za kambi zimejengwa juu ya magari yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Hapa kwetu magari ya aina hiyo ni machache, na sababu zake zinaeleweka: bei, ushuru na hali ya barabara. Kinachoonekana zaidi ni magari ya magurudumu manne yaliyofungwa hema juu ya paa, ambayo hukodishwa kwa wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe. Hema hufunguliwa kwa dakika chache, ngazi inashushwa, na dereva analala juu ya gari lake.

Kilichoyabadili magari hayo si hema, bali umeme. Zamani, aliyelala porini alitegemea betri ya gari yenye risasi na tindikali, ambayo ukiitumia usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Leo betri ya pili ya lithiamu, nyepesi na yenye kuhimili kuchajiwa mara nyingi zaidi, hujazwa na paneli zilizolala juu ya paa au na injini gari linapotembea. Jokofu dogo la volti 12 hutunza nyama na dawa. Taa za LED hutumia umeme kidogo sana. Matokeo yake ni kwamba msafiri anaweza kukaa siku kadhaa porini bila kwenda dukani, hotelini wala kwenye kituo cha mafuta.

Kwa mwenye gari, huo ni uhuru. Kwa mama anayeuza chakula kando ya barabara, ni mteja aliyepita bila kusimama.

Jiografia ya Morogoro imegawa wasafiri hao katika makundi mawili. Magari yenye hema yanakwenda Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964 yenye ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati. Huko ardhi ni tambarare na yapo maeneo maalumu ya kupiga kambi. Uluguru ni habari nyingine. Kutoka mjini kupanda Morningside, penye jengo la enzi za Wajerumani kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, njia ni nyembamba na kali. Kileleni Lupanga, mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, hakuna gari linalofika. Huku ni kwa mtu wa miguu, na ni mtu huyo wa miguu, mwenye begi na simu, ambaye treni ya umeme inamleta kwa wingi kuliko zamani.

Simu inapochukua nafasi ya kiongozi

Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kupanda Uluguru alianzia mjini kutafuta mtu wa kumwongoza. Tangu katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa utamaduni ulioratibiwa na Bodi ya Utalii Tanzania kwa msaada wa Waholanzi uliwasaidia vijana wa maeneo mbalimbali nchini kuifanya kazi hiyo kuwa ajira: kuwatembeza wageni mashambani, kuwapeleka kwenye maporomoko, kuwaeleza mila za wenyeji.

Leo mgeni anaweza kupakua ramani nzima ya mlima kabla hajaondoka nyumbani. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, inaonyesha njia nyingi za miguu ambazo hazimo katika ramani za zamani. Simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo, kwani inapokea ishara moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti. Kwa hiyo baadhi ya wasafiri hujiuliza: kiongozi wa nini?

Jibu linapatikana mlimani kwenyewe. Ramani inaonyesha kwamba njia ipo, lakini haionyeshi kwamba mvua ya wiki iliyopita imeporomosha udongo, au kwamba mto unaovukwa kwa miguu mwezi Septemba hauvukiki mwezi Aprili. Haimwambii mgeni kwamba njia fulani inapita katikati ya shamba la ukoo na kwamba adabu ni kubisha hodi kwanza. Wala haielezi kwamba upande wa mashariki wa milima hupata mvua nyingi zaidi kuliko ule wa magharibi, na ukungu unaposhuka mtu haoni hatua kumi mbele.

Kuna pia suala la mawasiliano. Kilele cha Bondwa, kinachoonekana vizuri kutoka mjini, kina minara ya mawasiliano, na wageni wengi wakiiona huamini kwamba mlima wote una mtandao. Ukweli ni kwamba mawimbi ya simu husafiri kwa mstari ulionyooka na hayapenyi mlima. Ukishavuka kilele na kuteremkia bonde la upande wa pili, unaweza kuwa karibu sana na mnara na usipate hata alama moja ya mtandao. Aidha, katika nyanda za juu za Lukwangule, zaidi ya mita 2,400, baridi ya usiku hupunguza nguvu ya betri. Simu iliyolala na chaji nusu inaweza kuamka ikiwa haina kitu.

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaliona tatizo hilo, ingawa kwa mlima mwingine. Mwezi Agosti 2022, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 kwenye Mlima Kilimanjaro, na usalama wa wapandaji ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Uluguru haina idadi ya wageni ya Kilimanjaro, na huenda isipate huduma kama hiyo karibuni. Kinga ya mpandaji wa Uluguru inabaki kuwa mtu anayeijua njia.

Fedha zinapita wapi

Malipo ya simu ndiyo teknolojia iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko zote. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo kiongozi wa wageni aliye kijijini anaweza kupokea malipo ya awali kutoka kwa mtu aliyeko Mwanza au Nairobi kabla hawajaonana. Kwa upande wa Serikali, mfumo wa kulipia kwa namba maalumu ya malipo umepunguza fedha taslimu getini, na pamoja nazo umepunguza mianya ya stakabadhi bandia. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye ukubwa wa hekta zaidi ya 24,000, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na mapato yake yanaingia katika mfumo huo.

Hadi hapo ni habari njema. Lakini fuata shilingi moja ya mgeni anayepanga safari yake kwa mtandao. Akipata malazi kupitia tovuti kubwa ya kimataifa, takriban asilimia 15 ya bei huweza kubaki kwa mwenye tovuti kama kamisheni. Serikali ililitambua jambo hilo, na kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaanzisha kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi. Ada ya kuingia msituni nayo inakwenda Serikali Kuu. Kijiji kinachopakana na msitu, ambacho watu wake wamekatazwa kukata kuni na kulima juu ya mpaka wa hifadhi, kinabaki na nini? Kinabaki na ujira wa kiongozi, bei ya ndizi na nauli ya bodaboda. Kiongozi akiondolewa na ramani, na ndizi zikiondolewa na jokofu la gari, inabaki bodaboda peke yake.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu usimamizi shirikishi, yaani Serikali na vijiji kuutunza msitu kwa pamoja. Kugawana kazi kumekuwa rahisi kuliko kugawana mapato. Sasa kwa kuwa kila malipo yanaacha kumbukumbu ndani ya kompyuta, kisingizio kwamba hesabu haijulikani kinazidi kukosa nguvu.

Siri za msitu

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo misitu yake imejitenga kwa muda mrefu kiasi kwamba ina viumbe wasiopatikana pengine popote duniani. Ndege aina ya chozi aitwaye kisayansi Cinnyris loveridgei yuko hapa tu. Vivyo hivyo Malaconotus alius, ndege adimu wa msitu wa milima hii. Vinyonga, vyura na maua yake vimewavuta wanasayansi kwa zaidi ya karne moja.

Viumbe hao wana soko haramu pia. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Zamani aliyetaka kuwaiba vinyonga alilazimika kumtafuta mtu wa kumwonyesha walipo. Leo picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake majira ya mahali ilipopigwa, sahihi kwa mita chache. Mgeni mwenye nia njema anaporusha picha ya kinyonga pamoja na mahali alipo, anaweza kuwa anamwelekeza mwizi asiyemjua.

Tatizo hili lina dawa. Programu ya iNaturalist, inayotumiwa na wapenzi wa viumbe duniani kote, huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Mgeni anaweza kuzima utambuzi wa mahali katika kamera ya simu yake. Ni jambo la dakika moja, lakini lazima aambiwe, na mahali pa kumwambia ni pale anapolipia.

Moto na maji

Mwezi Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022, moto uliteketeza sehemu za uoto wa Mlima Kilimanjaro. Oktoba hiyo hiyo ya mwaka 2022, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilishuka kutokana na ukame. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini kwa Uluguru yanakutana mahali pamoja. Msitu wa juu hunasa ukungu na mvua, hushika maji kama sifongo na kuyaachia taratibu wakati wa kiangazi. Ukiungua, mvua inateremka kwa siku moja ikiwa na matope, na kiangazi mto unakauka. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya mwaka 2022 linahusika moja kwa moja na kile mpiga kambi anachokiwasha jioni.

Hapa teknolojia inastahili sifa. Jiko dogo la gesi linaondoa haja ya kuokota kuni na kuacha makaa. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Itakuwa ajabu kumhimiza mama wa Matombo aachane na kuni huku kijana wa jijini akiruhusiwa kuwasha moto wa mapambo msituni ili apige picha.

Setilaiti nazo zinasaidia kuona moto. Shirika la anga la Marekani, NASA, hutoa bure taarifa za moto kwa dunia nzima, na moja ya vifaa vyake huuona moto kwa vipande vya ardhi vya mita 375. Morogoro yenyewe ina hazina ya utaalamu, kwani Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Lakini setilaiti hupita kwa saa zake, na mawingu ya Uluguru huifunika milima mara nyingi. Moto mdogo wa kambi hauonekani kutoka angani mpaka uwe mkubwa. Anayeuona ukiwa mdogo ni mwanakijiji, ambaye ataharakisha kuuzima ikiwa msitu huo unamletea manufaa.

Somo la mwaka 1955

Utawala wa Waingereza ulikuwa na mpango wa kitaalamu wa kuokoa udongo na maji ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Wataalamu waliamini kwamba hesabu zao ni sahihi, lakini hawakuwauliza Waluguru, ambao ardhi yao hurithiwa kupitia ukoo wa mama na ambao walijua wapi udongo unafaa matuta na wapi haufai. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akapoteza maisha na mpango mzima ukaanguka.

Anayetaka leo kuleta ramani, kamera na mifumo ya malipo katika milima hiyo hiyo hana budi kulikumbuka tukio hilo. Kifaa kizuri kilichowekwa bila ridhaa ya wenyeji huishia kuwa chuma chakavu.

Kuna mambo yanayowezekana bila gharama kubwa. Kwanza, njia na maeneo ya kambi yachorwe upya katika ramani huria kwa kushirikiana na vijiji, kama mradi wa Ramani Huria ulivyofanya Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaa yao wenyewe kwa ajili ya kukabili mafuriko. Wenyeji ndio waseme njia ipi ionekane na ipi isionekane.

Pili, anayelipia kulala msituni achague papo hapo kiongozi aliyesajiliwa na kijiji, na stakabadhi yake imwonyeshe ni kiasi gani kimekwenda hifadhini na kiasi gani kijijini. Mgeni hachukii kulipa anapojua analipia nini.

Tatu, jiko la gesi liwe sharti, na moto wa kuni upigwe marufuku nje ya maeneo yaliyotengwa. Nne, kila kundi liandikishe siku ya kurudi, na viongozi wapewe redio za upepo kwa ajili ya mabonde yasiyo na mtandao.

Mwisho, pasiwepo jambo la usalama linalotegemea intaneti peke yake. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na nchi jirani zikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa mjini alikerwa. Aliyekuwa mlimani akiitegemea ramani asiyoipakua mapema alikuwa katika hatari.

Msomaji anayepanga kupanda Uluguru wikiendi hii hana haja ya kuiacha simu yake nyumbani. Aichaji, apakue ramani, azime utambuzi wa mahali kwenye kamera, abebe gesi yake. Kisha, akifika kijijini kabla ya kuanza kupanda, apige hodi na kumtafuta wa kwenda naye.